Dalili ya Mvua ni Mawingu

Binti wa jirani yetu alikuwa na miaka 6. Kila alfajiri aliamka akilia kichwa, akatapika, kisha jua likipanda akawa mzima. Tulisema ni malaria, akapewa dawa. Kichwa kikarudi. Tukasema ni minyoo. Alipoanza kuyumba akitembea, wenzake wakamcheka. Ilipita miezi kabla ya kugunduliwa kwamba alikuwa na uvimbe katika ubongo. Alikuwa amechelewa.

Msiba ule ulinifanya nisome historia ya ugonjwa huu. Mwaka 1925, huko Marekani, madaktari Harvey Cushing na Percival Bailey waliupa jina la meduloblastoma uvimbe wa saratani unaowapata hasa watoto. Huota katika ubongo wa nyuma, unaouongoza mwili usiyumbe. Cushing alikuwa bingwa wa upasuaji, lakini karibu wagonjwa wake wote wa uvimbe huu walifariki, kwa maana mbegu za saratani hii husafiri katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, zikaota kwingine. Mwaka 1953, Edith Paterson wa Manchester, Uingereza, alieleza alivyotibu ubongo wote na uti wa mgongo kwa mionzi; karibu theluthi mbili ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miaka 3. Mwaka 1971, mashine ya Godfrey Hounsfield huko London ilionyesha uvimbe ndani ya ubongo wa mgonjwa pasipo kumpasua.

Hata hivyo, mashine haimfuati mtoto nyumbani. Mwaka 2011 Waingereza walianzisha kampeni ya HeadSmart, wakagawa kadi zenye dalili: kuumwa kichwa na kutapika kusikokwisha, kuyumba, makengeza yanayozuka, shingo kukaa upande. Hapo awali, nusu ya watoto walikaa zaidi ya wiki 14 tangu dalili ya kwanza hadi kutambuliwa. Kufikia 2013 muda huo ulishuka chini ya wiki 7.

Ndugu msomaji, ugonjwa huu ni nadra, na vichwa vingi huuma kwa sababu nyingine. Lakini dalili zikiongozana, zitaje zote kwa pamoja. Mama wa binti yule alimweleza daktari mmoja habari ya kichwa, na mwingine habari ya kuyumba. Hakuna aliyesikia yote mawili.