Mistari ya Ramani: Habari za Mji wa Isiolo na Mgawanyo wa Ardhi Yake



Ni desturi yetu katika kitabu hiki cha kila mwaka, baada ya hesabu za fedha na habari za misiba tuliyosaidiana, kuweka makala moja juu ya mambo yaliyopita, ili vijana wajue tulikotoka na wazee wapate kuyakumbuka. Mwaka huu tumechagua kuandika juu ya ramani ya mji wetu wa Isiolo na kanuni zinazofuatana nayo. Pengine msomaji atasema kwamba ramani ni kazi ya maafisa na wapima ardhi, wala si kazi ya chama cha kusaidiana. Lakini mstari mmoja wa wino waweza kumfanya mjane aambiwe kwamba nyumba aliyoachiwa na mumewe imo katikati ya barabara; na mtu wa kwanza atakayeendewa kuombwa msaada siku hiyo ni mweka hazina wetu. Kwa hiyo neno hili latuhusu sana.

Kwanza yafaa tueleze jambo lenyewe. Kila mji wenye utaratibu hugawanywa katika kanda. Hapa patakuwa maduka, hapa nyumba za kukaa, hapa viwanda na machinjio, hapa shule na hospitali, na hapa pataachwa wazi. Ramani huonyesha mipaka ya kila kanda, na kanuni hueleza kinachoruhusiwa ndani yake: ukubwa wa kiwanja, urefu wa nyumba, na nafasi ya kuachwa kando ya barabara na mto. Mji ukikua, ramani na kanuni hazina budi kutazamwa upya, kama vile nguo ya mtoto isivyoweza kumfaa akiwa mtu mzima.

Mistari hii, katika nchi zetu, haikuanza kwa nia ya kupanga majengo tu. Ilianza kwa nia ya kuwatenga watu. Mwaka 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya aliyeletwa na serikali ya kikoloni kuitazama miji ya Afrika ya Mashariki, alishauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali, akitoa hofu ya maradhi kuwa sababu. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba haitawatenga tena Wazungu na Wahindi katika miji ya Kenya kwa sheria. Walakini hati za viwanja na bei ya ardhi ziliendelea kufanya kazi ileile. Huko Dar es Salaam, wakati wa Waingereza, kanuni hazikutaja rangi ya mtu bali zilitaja namna ya nyumba: kanda ya kwanza majumba ya namna ya Ulaya, kanda ya pili nyumba za makazi na biashara, kanda ya tatu nyumba za udongo na makuti. Kila mtu alifahamu maana yake. Watu waliita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa wazi kati ya mitaa ya Wahindi na Kariakoo.

Isiolo nao ulikuwa na mistari yake, ingawa yetu ilihusu mifugo na safari zaidi ya majumba. Sheria ya 1902 juu ya wilaya za mbali iliipa serikali uwezo wa kufunga nchi ya kaskazini, na sheria ya 1934 ikaongeza nguvu juu ya watu wake na mwendo wao. Mji wetu ulisimama mlangoni. Mtu hakupita kizuizi cha Isiolo kwenda kaskazini wala kusini bila ruhusa, na wasafiri waliokuwa wakishuka kusini walizoea kusema, “Twaenda Kenya,” kana kwamba hapa hapakuwa Kenya. Mifugo nayo ilisimamishwa hapa katika karantini, kwa kuogopa kwamba sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe zingefika katika mashamba ya walowezi. Basi ardhi kubwa iliyouzunguka mji ilitengwa kwa ajili ya ng'ombe waliokuwa wakingoja, kabla ya kufikiriwa mahali pa watu kukaa.

Pia walikuwapo askari Wasomali waliotumika katika vita vya 1914 hadi 1918, ambao walipewa mahali pa kukaa hapa pamoja na jamaa zao na mifugo yao. Ruhusa yao ilikuwa ya kukaa na kuchunga. Haikuwa hati ya kumiliki. Neno hili tulishike vizuri, maana ndilo mzizi wa shida nyingi za baadaye. Tangu mwanzo Isiolo ulikuwa mji ambamo mtu aliweza kuzaliwa, kuoa, kujenga na kuzikwa, pasipo kuwa na karatasi ya kusema kwamba mahali hapo ni pake.

Majina ya mitaa yetu ni kitabu cha historia kwa mwenye kuyasoma. Kambi ya Juu na Kambi Garba yatukumbusha kwamba watu walihesabiwa kuwa wa kambi, yaani wa kupita. L.M.D. ni jina la idara ya serikali iliyoshughulikia soko la mifugo. Kiwanjani ni habari ya ndege. Wabera ni kumbukumbu ya marehemu Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya wa kwanza Mwafrika katika Isiolo, aliyeuawa tarehe 28 Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido, miezi michache tu kabla ya uhuru.

Baada ya hapo zikaja taabu za vita vya Shifta, na hali ya hatari iliyowekwa juu ya nchi ya kaskazini haikuondolewa kisheria mpaka 1991. Katika miaka hiyo watu wengi walipoteza ngamia na ng'ombe wao, na aliyepoteza mifugo alikimbilia mjini. Kisha kila ukame mkubwa ulileta wengine. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wakajenga palipokuwa na nafasi, karibu na jamaa zao na karibu na maji. Mabula yakakua nje ya mistari ya ramani. Hatusemi haya ili kuwalaumu: mtu mwenye njaa hangoji mpima ardhi. Twasema tu kwamba mji ulitangulia, na ramani ikabaki nyuma.

Kisha ukaja wakati ambao Isiolo haukuwa tena mlango uliofungwa. Katika mpango wa maendeleo wa Ruwaza ya 2030, uliotangazwa 2008, mji wetu ulitajwa kuwa mahali pa jiji la utalii. Mwaka 2012 kazi ya njia kuu kutoka bandari ya Lamu kwenda Ethiopia na Sudan Kusini ilizinduliwa rasmi, na Isiolo ni kituo katika njia hiyo. Barabara ya lami ikafika Moyale. Kiwanja cha ndege kikapanuliwa na kufunguliwa rasmi 2017. Hesabu ya watu katika kaunti nzima, iliyokuwa 143,294 mwaka 2009, ilifika 268,002 mwaka 2019, yaani karibu mara mbili katika miaka 10.

Hapo ndipo thamani ya kiwanja ilipopanda, na karatasi ikawa na nguvu kuliko kumbukumbu ya mzee. Watu waliokuwa wakikaa kando ya kiwanja cha zamani cha ndege walihamishwa kupisha ujenzi, wakaahidiwa viwanja mahali pengine. Na baadhi yao walipofika huko waliwakuta wengine wenye barua za kiwanja kilekile. Hilo ndilo tunda la ramani isiyotunzwa. Barua mbili hugombana juu ya ardhi moja, na watu wa mataifa mbalimbali walioishi kwa ujirani mwema hutazamana kwa jicho baya, ingawa kosa halikuwa lao.

Sheria zenyewe zimebadilika mara nyingi. Kulikuwa na sheria ya kupanga miji ya 1931, kisha ile ya 1968, kisha ya 1996, na sasa ni ile ya 2019 juu ya mipango na matumizi ya ardhi. Baada ya Katiba ya 2010, kazi ya kupanga ilipewa kaunti. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 yasema kwamba kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka 10, na kwamba majiji na manispaa ziwe na ramani za matumizi ya ardhi na za kanda za ujenzi, zikitazamwa upya kila miaka 5. Tena yaagiza wananchi washirikishwe. Yaani mwananchi aliyekuwa akitangaziwa zamani, leo ana haki ya kuulizwa.

Wako wazee wetu wenye shaka, nao wana sababu. Husema: “Kila ilipoguswa ramani, sisi ndio tulioondolewa. Heri iachwe ilivyo.” Twaiheshimu hoja hii, maana imetoka katika maisha, wala si katika vitabu. Lakini na tutazame mji wa Nairobi. Mpango wake mkuu wa 1948 ulifuatwa na mpango wa 1973, ambao muda wake uliishia 2000. Mpango mpya uliofuata ulikuwa ule wa 2014. Katika miaka ile ya katikati mji haukusimama kungoja. Majumba marefu yalimea katika mitaa ya Kilimani na Kileleshwa, ambako mifereji na barabara vilikuwa vimekadiriwa kwa nyumba chache zenye bustani. Na huko Huruma, usiku wa 29 Aprili 2016, nyumba ya ghorofa iliyojengwa kando ya mto ilianguka wakati wa mvua kubwa, wakafa watu wasiopungua 49. Nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Basi kuiacha ramani bila kuitazama si kumlinda maskini. Ni kumwachia mwenye fedha na haraka achore ramani yake kwa matofali.

Nairobi hiyohiyo yatupa mfano mwema pia. Mwezi Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu, mahali penye nyumba kama 100,000 za watu wa kipato kidogo. Watu wa huko hawakukaa wakingoja. Walijikusanya kwa nyumba kumi kumi, kila kumi wakamteua msemaji, na maneno ya njia, maji na shule yakapanda kutoka mlangoni mpaka mezani kwa wapangaji. Hilo lisituwie geni. Sisi tulikuwa na mabaraza kabla ya kuwa na ofisi.

Je, ramani mpya ya Isiolo itaje nini? Twaona mambo matano. Kwanza, njia za mifugo za kwenda sokoni na majini zichorwe kama barabara nyingine zichorwavyo, maana mji huu ulizaliwa na ng'ombe na bado wala kwa ng'ombe. Pili, kingo za mto ziachwe wazi, na anayekaa humo aonyeshwe mahali pa kwenda kabla ya kuambiwa aondoke. Tatu, mipaka ya ardhi ya jeshi na ya kiwanja cha ndege, pamoja na kiasi cha urefu wa nyumba zilizo karibu na njia ya ndege, ielezwe waziwazi, ili mtu asijenge leo na kubomolewa kesho. Nne, makaburi, misikiti, makanisa na viwanja vya shule viandikwe kwa majina, kwa kuwa mahali pasipo na jina katika ramani huhesabiwa kuwa tupu. Tano, mabula ya zamani yatiwe katika ramani yalivyo, na kupimwa. Maana kiwanja ambacho hakimo katika mpango uliokubaliwa hakiwezi kupata hati.

Upande wa kusini, mahali ambapo Isiolo na Meru zinagombania mpaka, si kazi ya ramani ya mji kuamua. Lakini yaweza kupunguza moto kwa kutogawa viwanja vipya mahali ambapo neno halijakwisha.

Wengi wetu bado twashika barua za kugawiwa kiwanja na risiti za kodi, wala si hati. Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo haya. Kila mmoja alete nakala ya barua yake na risiti zake kwa katibu, ziandikwe katika kitabu cha chama. Wajane na yatima waandikiwe kwanza, kwa sababu wao ndio wepesi wa kusahauliwa. Kila bula lichague wazee wawili na kijana mmoja ajuaye kusoma ramani, nao waende pamoja kila litokapo tangazo la mpango, wakatazame mahali palipoandikwa na mahali palipoachwa. Wenye malalamiko wayaandike kwa karatasi ndani ya siku zilizowekwa, kwa maana neno la mdomo halishindi mstari wa wino. Na asiyeridhika akumbuke kwamba sheria ya 2019 imeweka kamati ya rufani katika kaunti, na juu yake iko mahakama ya mazingira na ardhi.

Babu zetu walipangiwa mahali pa kusimama, wakasimama, maana hawakuulizwa. Sisi sheria yaagiza tuulizwe. Siku ya kuulizwa ikifika, twataka kila bula la Isiolo liwe na mtu wake mezani, mwenye karatasi mkononi.