Egregious: neno lililotoka kundini

Kivumishi hiki cha Kiingereza kilizaliwa malishoni. Katika Kilatini, grex ni kundi la mifugo, na e- ni "kutoka ndani ya". Egregius basi ni yule aliyejitenga na kundi kwa ubora wake, mteule asiyelinganishwa na wenziwe. Kiingereza kililipokea neno hilo katika karne ya 16 likiwa na maana hiyo njema, na Marlowe alilitumia kwa heshima katika tamthilia ya Tamburlaine. Lakini kejeli ilikwisha kuliingia: katika Cymbeline ya Shakespeare linamwelezea muuaji. Leo maana ya sifa imekufa, na kilichobaki ni ubaya unaojitokeza wazi kupita mabaya mengine.

Jamaa zake ni gregarious, congregation na segregate, ambao hawakupatwa na mkosi huo. Kiitaliano nacho kimeihifadhi heshima ya kale: egregio hufungua barua rasmi, na mtafsiri asiyelijua hilo aweza kumtukana anayesalimiwa.

Kwa Kiswahili, "kubwa" pekee halitoshi, kwa kuwa halina lawama. Egregious error ni "kosa la kupindukia". Ukiukaji wa haki waweza kuitwa "uliokithiri". Kwa mtu, "aliyekubuhu" hufaa sana: egregious liar ni "mwongo aliyekubuhu". Ila kukubuhu hudai mazoea, kwa hiyo aliyekosa mara moja tu, hata kosa lake liwe la kutisha namna gani, hajakubuhu.