Siku ya Kwisha Vita katika Ugogo

Zamani za utawala wa Waingereza, tarehe 11 Novemba ilikuwa siku ya kukumbuka kwisha kwa Vita Kuu ya Kwanza. Tangu mwaka 1919, ilipofika saa tano ya asubuhi, watu walisimama kimya dakika mbili. Hata baada ya 1945 ukumbusho ukahamishiwa Jumapili. Lakini sisi wa Kibaigwa, na Ugogo wote, twauliza: je, hiyo ndiyo siku vita vilipotutoka?

Kwa hesabu ya majeshi, sivyo. Askari wa Afrika Kusini, wakiongozwa na Jenerali van Deventer, waliingia Dodoma tarehe 29 Julai 1916, na Mpwapwa tarehe 12 Agosti. Wadachi wakarudi nyuma kuelekea Kilosa. Naye Lettow-Vorbeck, mkuu wa Wadachi, hakupata habari ya mapatano mpaka tarehe 13 Novemba 1918, akaweka silaha tarehe 25 huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo.

Walimu wetu nao walikuwa na siku yao. Wadachi waliwashuku baadhi ya walimu wa misheni ya CMS kuwa wapelelezi wa Waingereza, wakawafunga, wakawapeleka Tabora. Walifunguliwa Wabelgiji walipoutwaa mji ule mwezi wa Septemba 1916.

Na waliobaki nyumbani je? Wadachi walikwisha chukua ng'ombe na nafaka za kulisha askari. Waingereza walipokuja wakachukua vile vile, tena wakakusanya wanaume kuwa wapagazi. Mikono ya kulima uwele na mtama ikapungua, na mvua ikakosekana. Ndipo ilipokuja Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hata 1920. Wako waliowaweka watoto wao rehani wapate chakula. Serikali ilikadiria kwamba katika watu 150,000 wa wilaya ya Dodoma walikufa 30,000. Mizinga ilikuwa imekwisha nyamaza zamani, na watu wakali wakizikwa.

Leo Kibaigwa ni soko kubwa la mahindi, na malori hupakia magunia kando ya barabara ya Morogoro na Dodoma. Lakini wazee wa nchi hii walipohesabu umri wa mtu walisema, huyu alizaliwa kabla ya Mtunya, na huyu baada yake.