Nani Atamwondoa Msimamizi? Serikali katika Fikra za Kikomunisti

Wapinzani wa ukomunisti hudai kwamba Karl Marx aliwaahidi watu pepo ya duniani. Kwa kweli alichora kidogo mno. Katika maandishi ya 1845 na 1846 aliyoshirikiana na Friedrich Engels, mna taswira fupi ya mtu awindaye asubuhi, avuaye mchana na kuhakiki baada ya chakula cha jioni, bila kufungwa na kazi moja. Mwaka 1875, akihakiki programu ya Gotha ya wanasoshalisti wa Ujerumani, alitofautisha hatua mbili: kwanza mtu hupata kwa kadiri ya kazi yake, baadaye, uzalishaji ukishatanuka, mgawo hufuata mahitaji. Zaidi ya hapo alinyamaza kwa makusudi, akikataa kuiandikia kesho mapishi yake. Makala haya yanajenga hoja kwamba ukimya huo uliacha pengo katika swali moja zito: umiliki binafsi wa njia kuu za uzalishaji ukishaondoka, nani atamwondoa msimamizi wa njia hizo?

Mfano ambao Marx mwenyewe aliusifu ulitoka Paris. Kuanzia Machi 18 hadi Mei 28, 1871, jiji hilo lilikuwa mikononi mwa waasi walioanzisha Komuni. Wajumbe wake walichaguliwa kwa kura na, kwa maelezo ya Marx, wapiga kura wangeweza kuwavua ujumbe wakati wowote. Mshahara wa juu wa mtumishi wa umma uliwekewa kikomo cha faranga 6,000 kwa mwaka. Waoka mikate walipigiwa marufuku kazi ya usiku, na karakana zilizotelekezwa na wenyewe ziliamriwa zikabidhiwe vyama vya ushirika vya wafanyakazi. Lakini Komuni haikuwa na sauti moja. Wajumbe waligawanyika vikali juu ya kuunda Kamati ya Usalama wa Umma, na walio wachache walitangaza upinzani wao hadharani.

Warithi wa fikra hizo walichukua kikomo cha mshahara na haki ya kumvua mjumbe; upinzani wakauacha. Mwaka 1878 Engels alitabiri kwamba utawala juu ya watu utaupisha usimamizi wa vitu, na dola itanyauka yenyewe. Mwanamapinduzi wa Urusi Lenin, akiandika kitabu chake kuhusu dola na mapinduzi mafichoni mwaka 1917, aliuona usimamizi huo kuwa kazi ya kuhesabu na kukagua, ambayo yeyote ajuaye kusoma na hesabu za msingi angeiweza kwa mshahara wa mfanyakazi. Posta ndiyo aliyoitoa kuwa kielelezo.

Hapo ndipo hoja inapolegea. Kusimamia vitu ni kuamua baina ya watu. Tuseme bonde lina mto mmoja: mji wa juu unataka bwawa la umeme, wakulima wa chini wanataka maji ya mpunga. Bepari hayupo hata mmoja, lakini maji yakizuiwa msimu wa kupanda, mpunga utakauka. Hesabu itaonyesha kiasi cha maji. Haitasema nani asubiri. Wanaoweka tumaini katika kompyuta wanasahau jambo hilohilo: mashine hupunguza makosa ya mpango, ila lengo la mpango lazima lichaguliwe, na penye uchaguzi pana atakayeshindwa.

Baada ya mapinduzi, Urusi ilijibu kwa kumnyamazisha aliyeshindwa. Machi 1921, Mkutano Mkuu wa 10 wa chama cha kikomunisti ulipiga marufuku makundi ndani ya chama, huku mabaharia wa ngome ya Kronstadt waliodai uchaguzi huru wa masovieti wakizimwa kwa silaha. Watetezi husema vita na njaa havikuacha hiari. Hoja hiyo ina uzito kwa mwaka 1921. Haielezi kwa nini marufuku iliendelea. Mwaka 1961, mwanaanga wake Gagarin akiwa ameshaizunguka dunia, programu mpya ya chama iliahidi kujenga misingi ya jamii ya kikomunisti ndani ya miaka 20, wala haikumpa raia njia ya kudai mpango mwingine.

Swali hilo liligusa hata Tanzania, ingawa haikuwa nchi ya kikomunisti. Mwaka 1962 Nyerere alikataa kuujenga ujamaa wake juu ya mapambano ya kitabaka. Hata hivyo, miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, iliyomkataza kiongozi hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha, ilikusudia lile lile lililokusudiwa Paris: cheo kisiwe mtaji. Na katika uchaguzi wa 1965, chini ya chama kimoja, wapiga kura walichagua kati ya mgombea mwenye alama ya jembe na mwenye alama ya nyumba, wakawaangusha baadhi ya mawaziri. Mtu aliweza kuondolewa, sera haikuweza. Miiko yenyewe ilipolegezwa Zanzibar mwaka 1991, iliamua Halmashauri Kuu ya chama, si kura ya wananchi.

Kwa hiyo, serikali ya kikomunisti inayostahili kufikiriwa kwa uzito ingehitaji siasa nyingi zaidi kuliko za leo: mipango inayoshindanishwa mbele ya wapiga kura, magazeti yasiyomtegemea mpangaji, na haki ya kumvua mjumbe pamoja na mpango wake. Anayeona hayo ni anasa ya kibepari ana deni la kutueleza: mali ikiwa ya wote na msimamizi akawa mmoja, aliyenyimwa mgawo wake atashtaki kwa nani?