Kalenda Mbili za Wazee Wetu: Afya, Misimu na Harusi Visiwani



Kila biharusi anayeingia dukani kwangu namuuliza maswali mawili kabla sijashika utepe wa kupimia. La kwanza, harusi lini? Hapo hunijibu kwa mwezi mwandamo: "Shaabani inshaAllah," au "Mfunguo Mosi, tukishamaliza sita." La pili, mwezi huo mwaka huu unaangukia msimu gani? Hapo wengi hunitazama tu. Wengine hudhani nauliza kwa ajili ya kitambaa, na kweli kitambaa kimo. Lesi nzito yenye bitana mbili ni adhabu kwenye joto la Februari, na gauni jeupe likining'inia wiki mbili za masika bila kuanikwa hutoka na madoa ya ukungu. Lakini sababu yangu kubwa si kitambaa.

Mwaka 2016 nilikuwa bado nashona chumbani kwa mama, duka sijafungua. Nilipewa gauni la harusi ya Shaabani, na Shaabani ya mwaka ule iliandama mwezi wa Mei, masika yakiwa bado yanamwaga. Mtakumbuka hali ilivyokuwa. Kipindupindu kilikuwa Unguja na Pemba, Aprili skuli zilifungwa, na vyakula vya kupikwa na juisi za barabarani vikapigwa marufuku. Siku nne kabla ya harusi, nyumbani kwa biharusi walikuja wanawake kusaidia kuchambua mchele. Wakakoroga sharubati kwa maji ya kisima cha uani. Usiku wa pili yake watu watatu wa nyumba ile walipelekwa kwenye kambi ya matibabu, na mmoja wao alikuwa biharusi mwenyewe.

Alhamdulillah alipona. Harusi ikasogezwa mpaka Mfunguo Mosi. Nilipompima tena nilipunguza inchi tatu kiunoni, na siku ile nililia juu ya cherehani.

Nilipomhadithia bibi yangu, mzaliwa wa Makunduchi, hakuniuliza habari za dawa. Aliniuliza: "Kwani Mwaka ulikuwa ngapi?" Sikumfahamu. Akahesabu kwa vidole, akasema: "Mia mbili na tisini na kitu. Ardhi imeshiba maji, nanyi mnakunywa ya kisimani bila kuchemsha?"

Swali lile ndilo lililonipeleka kwenye historia ninayotaka kuwapa leo.

Mwezi wa ibada, mwaka wa kazi

Wazee wetu walikuwa na kalenda mbili, na walizitumia zote.

Ya kwanza ni hii ya mwezi, ya dini yetu. Ramadhani, Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu tunachinja, Mfunguo Sita maulidi, mpaka Rajabu na Shaabani. Mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka unarudi nyuma kiasi cha siku 11 ukilinganisha na mwaka wa jua. Ndiyo maana Ramadhani tumeifunga katika joto la kaskazi na tumeifunga pia katika baridi ya kipupwe. Inachukua miaka 33 hivi kuzunguka misimu yote. Hii ni rehema ya Mola, kwani hakuna nchi inayofunga siku ndefu milele wala nyengine siku fupi milele.

Ya pili ni ya jua, nayo wazee waliiita Mwaka, au Nairuzi, neno lenye asili ya Uajemi lenye maana ya siku mpya. Mwaka huu una siku 365. Waliugawa kwa miongo, yaani makumi: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada mwishoni. Siku ya Mwaka siku hizi huangukia Julai, na Makunduchi bado wanaisherehekea kwa jina la Mwaka Kogwa. Kuanzia hapo mvuvi, mkulima na nahodha walihesabu siku. Ukisema Mwaka uko 120, umefika Novemba, vuli inanyesha. Ukisema uko 240, umefika Machi, kaskazi inakata na masika yanaingia. Kalenda hii haina siku ya nyongeza, kwa hiyo huteleza siku moja kila miaka minne, lakini hilo mkulima halimsumbui katika umri wake.

Najua baadhi yenu mna lenu la kusema kuhusu Mwaka Kogwa, na mashekhe wana maneno yao. Mimi siwaiti kwenda kupigana kwa migomba. Nazungumzia hesabu tu. Sura Ar-Rahman inatufahamisha kuwa jua na mwezi vyote viwili vinakwenda kwa hesabu, na Sura Quraysh inawataja Makureshi na safari zao mbili, ya kipupwe na ya kaskazi. Kujua msimu si kushirikisha. Ni kutumia akili tuliyopewa.

Mwezi ulimwambia mzee wetu lini afunge, lini aozeshe, lini ahiji. Mwaka ulimwambia lini asafiri, lini alime, na lini ajihadhari. Sisi tumebaki na wa kwanza, wa pili tumeuacha kwa wavuvi.

Shaabani ya 1869

Haya ya harusi, mvua na kipindupindu kukutana si mapya. Mwaka 1865 ugonjwa huu uliwapiga mahujaji Makka, kisha ukasambaa nchi nyingi. Daktari Mskochi, James Christie, aliyekuwa akitibu mjini Unguja zama hizo, aliufuatilia kwa makini. Kwa maelezo yake ulishuka kutoka upande wa Bahari ya Shamu na Uhabeshi, ukapita nchi ya Wamasai, ukafika Pangani kwa njia ya misafara ya biashara, na mwishoni mwa Novemba 1869 ukaingia Unguja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876.

Mimi nilikaa nikaipiga hesabu tarehe ile kwa kalenda yetu. Mwishoni mwa Novemba 1869 ilikuwa Shaabani, mwaka 1286 Hijria. Msimu wa vuli. Ramadhani ikaandama wiki moja au mbili baadaye, na Idi ile ikawa ya matanga. Waliokufa Unguja walihesabika kwa maelfu, na haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 1858 na 1859 ugonjwa huohuo ulikuwa umeshapita.

Mji wa wakati ule haukuwa huu wa kupigia picha za harusi. Taka zilitupwa pwani, na makaburi, vyoo na visima vilikaa pamoja. Livingstone alipofika mwaka 1866 aliutania mji kwa jina la mji unaonuka. Maji yalitoka visimani, mengi yakiwa na chumvi. Na nani aliyeyabeba? Wanawake, wengi wao watumwa, mitungi kichwani asubuhi na jioni. Mvua ikinyesha, uchafu wa juu ya ardhi uliteremka kwenye kisima kilekile walichokichota wao. Wakafa na mabibi zao pamoja.

Tukumbuke kwamba watu wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wakitia udhu mara tano kwa siku. Lakini maji yenyewe yakiwa machafu, unaosha mkono kwa ugonjwa.

Maji ya mfereji

Seyyid Barghash bin Said alitawala kuanzia 1870 mpaka 1888. Katika utawala wake ndipo maji safi yalipovutwa kutoka chemchemi ya Chemchem, nje ya mji, yakapita ndani ya mifereji na mabomba mpaka mjini, watu wakachota. Mpaka leo sisi Waunguja bomba tunaliita mfereji. Kila ukimwambia mtoto "funga mfereji", unataja kazi ile.

Kwa mwanamke wa mjini hili lilikuwa jambo kubwa kuliko majumba yote ya kifalme. Maji hayakupita tena chini ya ardhi yenye makaburi na vyoo. Yalitoka mbali, yamefunikwa.

Neno hilo, kufunikwa, si geni kwetu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kufunika vyombo na kufunga viriba vya maji, na akatueleza kuwa katika mwaka umo usiku mmoja ambao maradhi huteremka, yakaingia kwenye chombo kilicho wazi. Tumefundishwa pia kutoingia nchi yenye tauni na kutoitoka tukiwa ndani yake. Dini yetu haikutuachia mwezi tu. Imetuambia kuwa mwaka una nyakati zake, na kuwa mwanadamu ana la kufanya.

Hata hivyo mfereji haukufika kila nyumba. Ng'ambo na mashamba walibaki na visima vyao miaka mingi. Kipindupindu kikarudi mwaka 1978, na kikawa kinakuja na kuondoka, hasa zikinyesha mvua kubwa. Mwaka 2009 watu wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kunywa. Kisha ikaja ile ya 2015 na 2016 niliyowaeleza. Miaka 147 baina ya sharubati ya biharusi wangu na Shaabani ya Christie, na kisima bado ni kisima.

Bahari nayo ina miezi yake

Majahazi ya zamani yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, kuanzia Desemba, na yalirudi na kusi. Kusi inapokaza, katikati ya mwaka, wenye busara walivuta vyombo vyao pwani wakavikalafati. Hawakuona aibu kungoja.

Sisi tunasafiri kwa mwezi mwandamo. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, upepo ukiwa mkali. Ilikuwa siku mbili tatu tu kabla ya Ramadhani. Mwaka mmoja nyuma, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilizama nje ya Nungwi ikielekea Pemba, imejaza kupita kiasi. Ilikuwa siku chache baada ya Idi. Allah awarehemu wote. Sisemi msimu ndio uliowaua, maana kujaza chombo ni kosa la watu. Nasema mwezi wetu ndio unaotupeleka baharini kwa wingi, na upepo haujui kama kesho ni Ramadhani.

Biharusi, uchukue nini hapa?

Ukipanga tarehe, weka kalenda mbili mezani. Tarehe ya mwezi mwandamo huwezi kuibadilisha msimu wake, lakini unaweza kujitayarisha.

Ikiangukia masika (Machi mpaka Mei) au vuli (Oktoba mpaka Desemba), jambo la kwanza ni maji. Ya kunywa, ya sharubati na ya barafu yachemshwe yote au yatiwe dawa. Chakula kipikwe karibu na saa ya kula, kisilale kwenye sufuria kutoka alfajiri mpaka usiku. Weka ndoo ya mfereji na sabuni mlangoni kwa wapishi na wageni. Mtu akianza kuharisha mfululizo, mpe maji ya chumvichumvi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Huku anakunywa, muwahisheni hospitali. Msifiche kwa kuona haya ya harusi.

Mvua ikishapita, mbu. Visiwa vyetu vilianza kupiga dawa majumbani tangu 1958, malaria ikashuka sana, kazi ikaachwa mwaka 1968, na malaria ikarudi. Tumeishusha tena kwa vyandarua, upigaji dawa na dawa mpya zilizoanza miaka ya 2003 na kuendelea. Ile ya kwanza ilitufunza kuwa ukiacha, inarudi. Kwa hiyo chandarua kiwemo kwenye vyombo vya biharusi, kabla ya mapazia. Ukishika mimba utanishukuru.

Ikiangukia kusi na kipupwe (Juni mpaka Septemba), na watu wanavuka kutoka Pemba au bara, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wavuke mapema siku kadhaa, na msipande chombo kilichojaa. Jamaa akichelewa harusi atakula pilau la kesho.

Ikiangukia kiangazi cha kaskazi (Desemba mpaka Machi), njoo mapema tuchague kitambaa chepesi, na unywe maji siku ya kesha. Nimeshawashika wawili wakianguka ndani ya stara na mapambo yao, kwa joto na njaa tu.

Bibi yangu sasa hahesabu tena vizuri, miaka imemchukua. Ubaoni dukani kwangu nimeandika mimi: upande mmoja mwezi mwandamo, upande wa pili Mwaka na siku zake. Yule biharusi wa 2016 alikuja mwezi uliopita kunishonesha nguo za mwanawe wa skuli. Aliutazama ubao, akacheka, akaniambia: "Mngekuwa nao mwaka ule."

Allah atuhifadhi katika misimu yote, na awajaalie mabiharusi wetu ndoa zenye kheri. Amin.