Uzito hurejea baada ya kuacha sindano za kupunguza mwili

WATU wengi huacha sindano za kupunguza uzito kwa sababu ya gharama, kichefuchefu au kwa kuamini kuwa wamekwisha kufikia lengo. Hata hivyo, utafiti unaonyesha kuwa kwa walio wengi, sehemu kubwa ya kilo zilizopungua hurejea.

Dawa hizo, zikiwamo semaglutidi na tirzepatidi, huiga homoni za utumbo zinazotuliza njaa na kuchelewesha chakula kutoka tumboni, hivyo mtu hushiba upesi. Hufanya kazi hiyo zikiwamo mwilini tu. Semaglutidi humalizika mwilini takriban wiki tano baada ya sindano ya mwisho. Kwa hiyo, mtumiaji anaweza asihisi mabadiliko siku za mwanzo, kisha hamu ya kula ikaongezeka polepole.

Katika utafiti wa semaglutidi uliochapishwa mwaka 2022, washiriki walipunguza wastani wa asilimia 17.3 ya uzito wao kwa wiki 68. Mwaka mmoja baada ya sindano na ushauri wa lishe kusitishwa, theluthi mbili ya uzito huo ilikuwa imerudi. Kwa mfano, mtu wa kilo 100 aliyeshuka hadi kilo 83 angefikia takriban kilo 94. Nafuu ya shinikizo la damu nayo ilitoweka.

Hali hiyo si dalili ya uzembe. Mwili uliopungua hujihami kana kwamba umekumbwa na njaa: hamu ya chakula huongezeka na matumizi ya nishati hupungua. Ndiyo sababu unene huhesabiwa kuwa maradhi ya kudumu, kama lilivyo shinikizo la damu.

Anayekusudia kuacha anashauriwa kupanga na daktari mapema. Mazoezi ya kujenga misuli, vyakula vyenye protini kama maharage, samaki na mayai, pamoja na kupima uzito kila wiki, husaidia kupunguza kasi ya ongezeko.

Mgonjwa wa kisukari asiache dawa bila ushauri, kwani sukari yaweza kupanda. Aidha, aliyekaa wiki kadhaa bila sindano asirejee moja kwa moja kwenye dozi kubwa aliyoiacha. Amwone daktari kwanza, kwani huenda akalazimika kuanza upya na dozi ndogo ili kuepuka kutapika.