Rubani wa Durban na wingu la Okuza

Mwezi Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndege ndogo ya mbao na turubai iliruka kutoka majini kando ya Nyororo, kisiwa kidogo jirani na Mafia. Rubani alikuwa H. Dennis Cutler, raia aliyekuwa akirusha ndege kwa kujipatia riziki huko Durban, Afrika Kusini. Jeshi la maji la Uingereza lilimkodi haraka, likampa cheo, na likachukua pia ndege mbili aina ya Curtiss za mhandisi mmoja wa migodi wa huko huko. Hazikuwa ndege za vita. Zilikuwa mali ya mtu binafsi, zikafikishwa Nyororo na meli Kinfauns Castle.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuitafuta Königsberg. Manowari hiyo ya Wajerumani, chini ya nahodha Max Looff, iliizamisha manowari ya Uingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Mikoko ya huko ni mirefu, na mabaharia wa Uingereza waliokuwa nje baharini hawakuweza kujua imesogea mto upi. Ilibidi mtu atazame kutoka juu.

Cutler aliondoka bila dira. Jambo hilo bado linanishangaza kuliko yote: meli za kivita zimejaa dira, lakini mtu anayekwenda angani hana hata moja. Tena ilikuwa majira ya tanga mbili, kusi imeisha na kaskazi haijashika, wakati ambao mvuvi yeyote wa Kilwa hutazama wingu la asubuhi mara mbili kabla ya kusukuma mtumbwi. Cutler aliingia ndani ya wingu la mvua, pwani ikapotea machoni, na mafuta yakaanza kwisha. Akatua majini karibu na Okuza, kisiwa cha kundi la Songo Songo, mbali kusini mwa alikokusudia. Walimpata baada ya kumtafuta kwa saa kadhaa, hai, ila ndege ilikuwa imeumia.

Matengenezo yake yangemchekesha fundi yeyote wa gereji ya leo. Bodi iliyoharibika ilizibwa kwa vipande vya ndege ya pili, na radieta iliyovuja ikabadilishwa kwa radieta ya gari la Ford iliyofuatwa Mombasa. Cutler akaruka tena na safari hiyo akaiona Königsberg, mbali ndani ya mto. Wakubwa hawakuamini kwamba meli kubwa kiasi hicho ingeweza kufika huko, wakataka ofisa wao apande naye akaione kwa macho yake. Desemba injini ilimzimikia juu ya delta. Wajerumani wakamkamata, na ndege yake ikavutwa na Helmuth, tagi ya Waingereza, huku risasi zikilia. Alibaki mfungwa hadi 1917.

Waliomfuata nao walishindwa na hewa ya pwani. Ndege za Sopwith zilizoletwa mwanzoni mwa 1915 hazikuweza kunyanyuka na mabomu katika joto lile, na gundi iliyoshika mbao zake iliachia. Mwishowe uwanja ulisafishwa Mafia, ndege za magurudumu zikaletwa, na tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwenzake Arnold waliielekeza mizinga ya manowari za Uingereza Severn na Mersey kutoka angani. Ndege yao ilipigwa ikaangukia mtoni, wote wawili wakaokoka, na Königsberg ikateketea.

Hata hivyo mizinga yake 10 ya milimita 105 haikuangamia. Wajerumani waliitoa mtoni, wakaitengeneza Dar es Salaam na kuipeleka vitani nchi kavu, ikivutwa na kusukumwa na wapagazi wa Kiafrika ambao wengi wao hatuwajui kwa majina. Mwaka 1917, Waingereza walipopanda kutoka Lindi kupitia Mingoyo kuelekea Mtama na Mahiwa, bado walikabiliwa na milio ya mizinga ya meli ile.